Kutoa RNA ya virusi kwa mkono: shanga za sumaku na rangi ya kahawia

Nilizaliwa Mambrui, karibu na pale Mto Sabaki unapoingia baharini. Ufuo wetu una mchanga mweusi, na sisi watoto tulikuwa tukivunja redio mbovu, tunatoa sumaku ya spika na kuiburuta mchangani hadi iote ndevu. Mwaka 2020 niko maabara Mombasa, vijiti vya pua vya UVIKO vimejaa kwenye friji, mashine imegoma, nikakabidhiwa kichupa cha uji wa kahawia wa shanga za sumaku na kuambiwa nitoe RNA, yaani vinasaba vya virusi, kwa mkono. Nilipokisogeza kwenye sumaku nilicheka peke yangu. Zilikuwa ndevu zile zile.

Watu wakisikia chembe za sumaku hospitalini hudhani lazima zidungwe mwilini. Zipo za namna hiyo: ferumoksitoli, dawa ya madini ya chuma ya kuwekwa mshipani, iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kwa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu. Hizi zetu haziendi kwa mgonjwa. Huishia kwenye kijichupa.

Kila ushanga una upana wa mikromita moja au kidogo zaidi, na ndani yake mna punje za oksidi ya chuma za nanomita chache tu; nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Udogo huo ndio siri. Msumari ukiusugua kwenye sumaku, hata ukiuondoa utaendelea kuvuta misumari mingine. Punje ndogo hivi husahau. Sumaku ikiwepo zinakimbilia ukutani, ikiondoka zinatawanyika tena majini. Zingekuwa na kumbukumbu ya msumari zingegandana, na kazi ingekufa hapo. Nje zimepakwa silika, jamaa ya kioo, na RNA huishika silika kukiwa na chumvi kali ya guanidini, kisha huiachia ukiipa maji matupu. Boom na wenzake wa Amsterdam walichapisha ufundi huo mwaka 1990 wakitumia silika na sentrifuji, mashine inayozungusha vijichupa kwa kasi hadi vizito vitue chini. Sumaku ilikuja baadaye kuipumzisha sentrifuji.

Sasa kazi. Vipimo vya karatasi iliyokuja na vitendanishi vyako ndivyo vya kufuata. Hivi vyangu ni vya kukupa picha. Tia mikrolita 200 za sampuli kwenye maji ya guanidini, changanya, acha dakika kumi. Hapo virusi vimepasuka na vimeng'enya vinavyokula RNA vimelemazwa. Kabla ya kuongeza shanga, tikisa kichupa chake mpaka chini pasibaki tope hata chembe. Wanagenzi wengi huanguka hapa: wanavuta maji ya juu, sampuli ya kwanza inapata shanga kiduchu na ya mwisho inapata uji mzito. Mimi natikisa upya kila baada ya sampuli nne. Mikrolita 20 za shanga, ongeza ethanoli, changanya dakika tano. Kijichupa kiwe kama chai ya rangi iliyokolea.

Kiweke kwenye raki ya sumaku, kisha ondoa mkono. Kahawia itaanza kuhamia ukuta mmoja na maji yatang'aa. Hesabu dakika mbili; sampuli yenye makamasi mazito ipe hata tano. Ukiona wingu lolote, ngoja. Maji yakiwa meupe, ingiza pipeti upande ulio mbali na shanga, uvute polepole. Ukivuta kahawia usitaharuki, rudisha yote ndani usubiri tena.

Osha kwa maji ya kuoshea, halafu mara mbili kwa ethanoli ya asilimia 80. Changanya hiyo ethanoli siku hiyo hiyo. Kwa joto la Mombasa chupa iliyoachwa wazi hupungua nguvu, maji yanazidi, na RNA inaondoka na maji ya kuoshea bila wewe kuona chochote. Stima zikipotea katikati, endelea; sumaku haina haja ya stima. Nilishamaliza sampuli kumi na mbili kwa tochi ya simu.

Kukausha ndiko kunakoniumiza kichwa hadi leo. Ethanoli ikibaki inaharibu PCR, kipimo kinachofuata cha kutafuta virusi kwenye RNA hiyo. Ukikausha kupita kiasi, shanga zinapasuka kama tope la kidimbwi wakati wa kiangazi na RNA haitoki vizuri. Niliwahi kuitwa kwenye simu, nikarudi baada ya nusu saa, na safu nzima ikaja na matokeo hafifu. Tazama mng'ao: kahawia inayometa bado ina ethanoli, ikififia tu tia maji. Kwangu ni dakika tatu hadi tano, feni imezimwa.

Toa kijichupa kwenye sumaku, tia mikrolita 50 za maji safi yasiyo na vimeng'enya, changanya mpaka chai irudi, subiri dakika mbili. Rudisha kwenye raki. Safari hii maji meupe ndiyo mali yako. Yahamishie kijichupa kipya, kwenye barafu. Yakiwa na kivuli cha kahawia yarudishe kwenye sumaku, maana chuma huizuia PCR.

Maji machafu yenye guanidini yasikutane na jiki hata tone. Vikichanganyika hutoa gesi za sumu, sianidi ikiwemo. Najua mkono wa mtu wa maabara huenda kwenye jiki wenyewe. Kwa hiyo chupa yetu ya taka tuliiandika kwa kalamu nyekundu, pande zote mbili. Na raki yenyewe iweke mbali na mwenye kifaa cha moyo kifuani, na mbali na raki nyenzake: zikirukiana zinabana kidole hadi kucha iwe nyeusi.

Shanga zilizobaki usizitupe kabla ya matokeo kutoka. Ukiona kwenye PCR kipimo cha ndani, kile cha kuhakikisha kazi ya kutoa RNA ilikwenda sawa, kimechelewa kupanda, ziongezee maji kidogo, zipashe moto nyuzi 60, uzivute upya. Huwa kuna RNA iliyong'ang'ania, na mara mbili imetosha kunipa jibu bila kumwita mgonjwa arudi kuchokolewa pua.