Kuhama Supamaketi na Kuanza Kuletewa Vyakula vya Kilimo Hai Nyumbani

Wengi wanaoamua kuletewa nyumbani vyakula vya kilimo hai, yaani vilivyolimwa bila dawa na mbolea zilizokatazwa, hukwama kwa sababu hutaka kuhamisha jiko zima kwa siku moja. Supamaketi humzoesha mtu kuamua atakachopika kisha akakinunue, ilhali kikapu cha mkulima, yaani mzigo unaoletewa nyumbani, huja na kilichokomaa wiki hiyo, na mpishi ndiye anayelazimika kukifuata. Kwa hiyo, kusanya kwanza risiti za mwezi mmoja, utie alama kila kinachonunuliwa mara kwa mara na kila kilichoishia kwenye pipa la taka. Hapo utaujua ukubwa wa kikapu unachokihitaji, ambao aghalabu ni mdogo kuliko ulivyodhani.

Anza na mboga na matunda tu. Sabuni na chumvi ziendelee kutoka dukani.

Kabla ya kulipa, chunguza uthibitisho wa muuzaji. Neno "asilia" kwenye pakiti halina uzito mkubwa, lakini "kilimo hai" ni jina linalolindwa na sheria katika nchi nyingi. Nchini Marekani, chakula kilichosindikwa hakibandikwi nembo ya serikali ya kilimo hai mpaka angalau asilimia 95 ya viambato vyake, bila kuhesabu maji na chumvi, viwe vya kilimo hai, na shamba lenyewe lazima liwe limekaa miaka 3 bila dawa na mbolea zilizokatazwa. Katika Umoja wa Ulaya, nembo ni jani lililochorwa kwa nyota, nayo huandamana na namba ya msimbo ya chombo cha ukaguzi. Itazame namba hiyo, kwani jani yeyote anaweza kulichora. Ifahamike pia kwamba kilimo hai hakimaanishi kutotumia kiuatilifu (dawa ya kuua wadudu na visumbufu vya mimea) chochote: vipo vichache vinavyoruhusiwa, vingi vikiwa vya asili, hivyo kuosha mboga kunabaki palepale.

Muulize muuzaji mambo ambayo tangazo halisemi: mwisho wa kubadilisha oda ni saa ngapi, je, unaweza kuruka wiki ukisafiri au kukataa mboga usiyoila, na mzigo huachwa wapi usipokuwepo. Swali hili la mwisho ni zito ukiagiza maziwa au nyama, ambavyo havifai kukaa nje ya jokofu zaidi ya saa 2.

Kazi halisi huanza kikapu kinapofika. Karoti zikija na majani, yakate papo hapo, kwa kuwa majani huendelea kuvuta maji kutoka kwenye mzizi; mimi nililipuuza hilo mwanzoni, nikajikuta na karoti zinazopindika kama kamba. Viazi viache na udongo wake, uviweke gizani penye ubaridi, uvioshe siku ya kuvipika. Matofaa yatenge na mboga za majani, maana hutoa gesi ya ethilini inayozifanya ziwe njano upesi. Panga kupika mboga za majani siku mbili za kwanza, na maboga, vitunguu na kabichi uviachie mwisho wa wiki.

Baada ya vikapu vinne, litazame tena pipa la taka. Ukikuta mboga zilizooza, omba kikapu kidogo zaidi au cha kila wiki mbili, kabla hujafikiria kuongeza mayai na maziwa kwenye oda.