SOMO: Majani ya okidi yamelegea? Tazama mizizi kabla ya kuongeza maji

Wakuu, swali ni lilelile kila wiki: "majani yamelegea, niongeze maji?" Nimelijibu hadi nimechoka, sasa naliandikia somo zima.

Nazungumzia Phalaenopsis, ile yenye majani mapana na maua ya umbo la kipepeo, maana ndiyo wengi wetu tunayo. Porini huota juu ya matawi ya miti, mizizi ikiwa nje: mvua inailowesha, upepo unaikausha. Ikikaa kwenye majimaji muda mrefu inakosa hewa na kuoza, na mzizi uliooza haunyonyi kitu. Ndiyo maana okidi hulegea kwa kiu wakati chungu kimelowa chepechepe. Mwenyewe akiona hivyo anaongeza maji, na mizizi michache iliyobaki inaoza nayo.

Kama mizizi ni mizima na maua bado yapo, ngoja yaanguke ndipo uhamishe. Kama imeoza, fanya leo.

1. Itoe kwenye chungu, kung'uta vipande vya zamani vya magome ya mti ilivyopandiwa.

2. Suuza mizizi kwa maji safi.

3. Kata iliyokufa. Hapa ndipo mimea mingi huuawa kwa haraka, kwa hiyo nenda taratibu. Bonyeza kila mzizi kwa vidole. Uliokufa ni laini au umekuwa bapa. Ukiuvuta, ganda linachomoka unabaki uzi. Ulio hai ni mgumu. USIHUKUMU KWA RANGI PEKEE: mzizi uliokaa gizani unaweza kuwa wa manjano au kahawia na bado ni mzima. Mizizi migumu inayoning'inia nje ya chungu usiikate, inafanya kazi. Halafu mkasi: pitisha makali kwenye moto, uache upoe, kila unapohamia mmea mwingine. Virusi vya okidi husafiri na utomvu uliobaki kwenye makali, na mmea ukishaambukizwa hauna tiba. Kufuta kwa kitambaa hakutoshi. Ukimaliza, uache mmea kivulini vidonda vikauke, angalau usiku mmoja. Ukipanda na kumwagilia papo hapo unaalika uozo upya.

4. Chungu kiwe cha kutosha mizizi tu, chenye matundu. Kikubwa kupita kiasi hubaki na unyevu katikati.

5. Panda kwa vipande vya magome ya msonobari vya sentimita 1 hadi 2, ukichanganya na makaa. Udongo hapana. Magome nayo huoza na kuziba hewa, hivyo yabadilishe kila mwaka mmoja au miwili.

6. Mwanga mwingi, lakini si jua kali la mchana. Majani ya kijani iliyokoza sana yanadai mwanga. Yakipauka kuwa manjano au kuingia wekundu, umezidi.

7. Mwagilia asubuhi mpaka maji yapite chini, yaache yachuruzike yote. Usirudie mpaka mizizi igeuke kutoka kijani kuwa kijivu cheupe. Maji yakituama katikati ya majani, yafyonze kwa karatasi. Shina la okidi hii lina ncha moja tu ya kukua. Ikioza, halitoi jani tena.

8. Mbolea: robo ya kipimo kilichoandikwa, mizizi ikiwa tayari imelowa.

MASWALI

Ua_la_Dirishani: Yangu imelegea majani. Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?

Jibu: Hatua ya 3, kisha ya 7. Hakuna idadi kwa wiki.

Mzee wa Bustani: Mkuu, mimi nimeipanda kwenye udongo na samadi na ina maua hadi leo. Umetudanganya.

Jibu: Sijamdanganya mtu. Maua ya Phalaenopsis hudumu miezi miwili au mitatu, na mmea huyalisha kwa akiba yake hata mizizi ikiwa inaoza. Itoe utazame. Zipo okidi za ardhini, lakini hii si mojawapo.

Kijani Kibichi: Samahani mwalimu, kwa nini mzizi hubadilika rangi ukilowa?

Jibu: Swali zuri sana. Mzizi umevikwa tabaka la seli zilizokufa, lililo tupu ndani kama sifongo. Likikauka limejaa hewa, ndiyo unaona weupe. Likinywa maji linapitisha mwanga, na unauona ukijani wa mzizi wenyewe, kwa sababu mizizi hii nayo hutengeneza chakula kwa mwanga. Chungu kinachoonyesha ndani kinakusaidia kuisoma bila kuchimbua.

Kijani Kibichi: Asante sana. Na ili itoe maua tena?

Jibu: Ikishakuwa na nguvu, ipatie wiki kadhaa za usiku wa baridi kidogo, nyuzi 15 hadi 18 hivi. Joto likibaki juu usiku na mchana, mara nyingi hutoa majani tu.

Mama Vitalu: Nyongeza kidogo: ukitumia makumbi ya nazi badala ya magome, yaloweke na kuyasuuza mara kadhaa kwanza. Huwa na chumvi.

Jibu: Kweli kabisa dada, ahsante. Chumvi huunguza ncha za mizizi.

Nyikani: Yangu imefunga tunda. Naweza kuotesha mbegu?

Jibu: Nyumbani ni kazi ngumu. Mbegu ya okidi ni ndogo mno na haina akiba ya chakula; porini hulishwa na kuvu anayeingia ndani yake. Mwaka 1922 mtaalamu wa mimea Mmarekani, Lewis Knudson, alionyesha kwamba zinaweza kuota bila kuvu, juu ya chakula chenye sukari, ila ndani ya chupa isiyo na kijidudu hata kimoja. Kama huna vifaa hivyo, kata tunda, linaunyonya mmea. Kikichipuka kitoto kwenye kikonyo cha maua, hicho ndicho cha kusubiri: mizizi yake ikifika sentimita 5, kikate na ukipande peke yake.