Jinsi ya kupanga wiki ya mtoto anayeteleza kwenye barafu

Nafundisha watoto kuteleza kwenye barafu hapa Minnesota, Marekani, na binti yangu wa miaka 13 yumo humo humo kwenye kundi. Wazazi wanaonijia, hasa sisi wa kutoka Kenya na Tanzania ambao barafu tuliijua ya kwenye friji tu, huuliza swali moja: muda wa haya yote utatoka wapi? Muda upo. Huwa unaishia kwenye maegesho ya magari, kwenye kufunga kamba za viatu, na kwenye zile dakika za mwanzo mtoto anapozunguka uwanja akiwaza aanze na nini. Kaeni chini mzazi na mtoto, mkiwa na karatasi, penseli na kifutio. Kalamu ya wino iacheni.

Hatua ya 1: Andikeni usingizi kwanza

Madaktari wa usingizi Marekani wanashauri saa 9 hadi 12 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa wa miaka 13 hadi 18. Wiki ina saa 168. Binti yangu hulala saa 9 kila usiku: 63 hizo zimekwenda. Shule pamoja na basi ni saa 8 kwa siku tano: 40 nyingine. Zinabaki 65, na humo ndimo mnamotoka kula, kuoga, kazi za shule, ibada, kusuka nywele (wenye mabinti wanajua) na barafu yenyewe.

Mkianza na barafu, mtajikuta mnaumega usiku kidogo kidogo. Mtoto aliyelala kwa muda wa saa sita tu namjua akiwa bado mlangoni. Anachelewa kujikaza hewani, na anaanguka kwenye mruko alioumudu tangu mwaka jana. Nimewahi kumrudisha mmoja nyumbani akalale. Mzazi alininunia wiki mbili kwa sababu barafu ilikuwa imeshalipiwa.

Hesabuni kwa kurudi nyuma. Barafu ya saa 12 asubuhi ina maana ya kuamka saa 10:45 alfajiri, na kwa saa 9 za usingizi mtoto awe amelala saa 1:45 usiku. Kama saa hiyo kwenu ndiyo kwanza chakula kinapakuliwa, basi alfajiri mbili kwa wiki zinawatosha. Tano si zenu.

Hatua ya 2: Jazeni barafu iliyopo, si mnayoitamani

Jioni barafu ni ya hoki. Timu za hoki ndizo zinazokodi saa nzuri, na huku Minnesota hakuna wa kushindana nazo. Sisi wa miruko na mizunguko tunaachiwa alfajiri na muda mfupi baada ya shule. Ratiba ya uwanja pia hubadilika mara kwa mara, ndiyo maana nikasema penseli.

Halafu kuna jambo la nyumba zetu zenye saa za aina mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Niliwahi kubandika kwenye friji "Jumamosi, saa 12". Mimi nilikuwa garini alfajiri napiga honi, binti yangu aliyezaliwa huku kajifunika blanketi, anajua zamu yake ni adhuhuri. Tangu siku hiyo ratiba tunaiandika kama simu inavyosoma, na saa ya Kiswahili tumemwachia bibi yake akipiga kutoka Tanga.

Hatua ya 3: Begi lifungwe usiku

Viatu, soksi nyembamba, glavu jozi mbili, maji, ndizi, nguo za shule. Vyuma vya viatu vikaushwe na kuvikwa vifuniko vya kitambaa. Vile vigumu vya plastiki ni vya kutembelea tu, mkiviacha usiku vinashika maji na chuma kinapata kutu. Andikeni pia tarehe ya kunoa. Wengi wetu hunoa baada ya saa 20 hadi 40 za barafu, na kamwe si siku moja kabla ya mashindano, maana makali mapya yanahitaji kuzoewa.

Hatua ya 4: Kila dakika ya barafu iwe na kazi

Hapa ndipo muda mwingi unapookolewa. Mwili upashwe moto nje ya barafu, dakika 15: kuruka kamba, kuzungusha viungo, kuiga miruko sakafuni. Mtoto anayepasha mwili ndani ya uwanja anakimbia mbio za bei ghali.

Kwa kipindi cha dakika 50 mimi hugawa hivi: dakika 10 za kingo (kuteleza kwa ukingo mmoja wa chuma) na hatua, 20 za miruko miguu ikiwa bado na nguvu, 10 za mizunguko, 10 za programu, yaani onyesho zima la mashindano, pamoja na muziki wake. Kumi za mwisho zinatosha. Programu fupi ya vijana ni dakika 2 na sekunde 40, na ile ndefu ni dakika 3 na nusu. Muziki wa mwenzako ukiwa unalia, mpishe, kisha ufanye mizunguko pembeni badala ya kuegemea ukuta ukisubiri zamu.

Mwizi mkubwa humo ni mruko uitwao Axel. Mtoto huuruka akitazama mbele, kwa hiyo hata ule wa kawaida una mzunguko mmoja na nusu, na wengi hukwama hapo kwa miezi. Aliyekwama atautupa mwili wake barafuni kipindi kizima. Kanuni yangu ni majaribio manane. Ukianguka mara tatu mfululizo kwa namna ile ile, acha, andika kwenye daftari uliangukaje, nenda kwenye mizunguko. Anguko la nne linaumiza nyonga tu.

Hatua ya 5: Shule

Binti yangu akisoma garini anatapika, kwa hiyo gari ni la kusikiliza na kukariri. Ya kuandika anayamaliza kwenye benchi la uwanja kabla ya kuvaa viatu, simu ikiwa kwangu. Walimu wapewe tarehe za mashindano mapema, si Ijumaa ya safari.

Watoto hupenda kunitajia Debi Thomas, aliyekuwa bingwa wa dunia 1986 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford, na Nathan Chen wa chuo kikuu cha Yale. Nawakumbusha kwamba Chen alisimamisha masomo kwanza, ndipo akaenda kuchukua dhahabu ya Olimpiki, Beijing 2022. Hata yeye kuna kitu alikiweka chini.

Hatua ya 6: Tazameni mwaka mzima

Msimu wa kimataifa huanza Julai 1, na mashindano makubwa huwa vuli na baridi. Mruko mpya ujifunzwe majira ya kuchipua na kiangazi. Na mzazi mwenye haraka ajue kwamba mwaka 2022 shirikisho la kimataifa liliamua kupandisha umri wa kuingia daraja la wakubwa kutoka 15 hadi 17, hatua kwa hatua.

Hatua ya 7: Wiki ikivurugika

Theluji itafunga barabara, mtu ataugua. Punguzeni kwa mpangilio: kwanza darasa la baleti, kisha barafu ya baada ya shule, kisha ya alfajiri. Usingizi usiguswe. Barafu iliyokosekana Jumanne msiilipie deni Jumatano. Binti yangu alijaribu kulipa, saa tatu kwa siku moja, na siku tisa zilizofuata alikaa kwenye kochi na barafu kifundoni. Ile ya kwenye friji.