Jinsi ya kuomba vipimo vya picha vya nyonga kabla ya upasuaji

Nyonga ikishafika pa kukuzuia hata kuvaa soksi, wengi hukimbilia kuulizia bei ya MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Usianzie huko.

Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa. Daktari akikuchunguza na kuona inafaa, atakuandikia rufaa ya kliniki ya mifupa, mfano katika hospitali za MOI Dar es Salaam, KCMC Moshi au Bugando Mwanza. Nenda na barua ya rufaa, kitambulisho, kadi ya bima na picha zako zote za zamani, hata zilizofifia. Zikiwekwa kando ya picha mpya ndipo ubovu unapoonekana umekwenda kasi gani.

Kisha fomu ya kuomba kipimo. Isome kabla hujatoka kwa daktari. Iseme upande gani, daktari anatafuta nini, kama uliwahi kupasuliwa, kama una selimundu au umetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Mama yangu aliandikiwa "maumivu ya mguu" tu, akapigwa picha ya goti. Goti lilikuwa zima! Nyonga mbovu huweza kuumia gotini, na sisi tukalipa mara mbili.

Eksirei huja kwanza. Mpigapicha atakugeuza miguu kwa ndani kidogo, kama digrii 15, ili shingo ya mfupa wa paja ionekane kwa urefu wake. Inauma, lakini vumilia. Ukishindwa mwambie, usijirudishe kimyakimya. Kama unawekewa nyonga bandia, huenda ikawekwa gololi ya chuma karibu na paja. Picha hukuza mfupa, na gololi hiyo, ambayo kipimo chake kinajulikana, humsaidia daktari kukadiria saizi ya kiungo.

MRI huombwa pale eksirei inapokuwa safi na maumivu yapo. Kwa mwenye selimundu, kichwa cha paja kinaweza kuanza kufa kwa kukosa damu bila eksirei kuonyesha lolote. Taja chuma chochote kilichomo mwilini, hasa kifaa cha moyo. CT skani, yaani eksirei inayopiga mwili tabaka kwa tabaka, huonyesha umbo la mfupa na mivunjiko. Mjamzito aseme mapema, hata kwenye eksirei. Waulize dirisha la bima kama kipimo kinahitaji kibali kabla ya kupanga foleni.

Ukipewa majibu, dai picha zenyewe au CD, siyo ripoti peke yake. Hakiki jina, tarehe na alama ya kulia au kushoto ungali pale dirishani.