Chanjo za mtoto wa mbwa: ratiba, makosa yanayoharibu chanjo, na dalili za kuangalia baada ya sindano

Mtoto wa mbwa kachanjwa Jumatatu. Alhamisi anatapika na kuhara damu, Jumamosi amekufa. Mwenye mbwa anasema chanjo imemuua, na majirani wawili watatu wanaahirisha kuchanja wa kwao. Mara nyingi aliyemuua ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Virusi vyake hukaa mwilini siku 3 hadi 7, pengine hata 14, kabla dalili hazijaonekana, kwa hiyo mbwa huyo alikuja kuchanjwa akiwa navyo tayari. Au alichanjwa wakati ambao mwili wake haukuweza kuipokea chanjo. Madhara ya kweli ya chanjo yapo, ila yana sura yake na saa zake, na mfugaji anayezijua hatayachanganya na parvo.

Dang'a ndiyo inayopanga ratiba

Mtoto wa mbwa hupewa kingamwili na mama yake kupitia dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na utumbo wake huzipitisha vizuri katika siku ya kwanza tu ya maisha. Baada ya hapo zinapungua, takribani nusu kila baada ya siku 10. Zikiwa bado nyingi, huivamia chanjo na kuimaliza kabla mwili haujajifunza chochote. Kisha hufika wakati ambapo zimeshuka mno kuweza kuzuia virusi vya mtaani, lakini bado zinatosha kuiharibu chanjo. Katika wiki hizo chache mtoto wa mbwa hana kinga ya mama wala ya sindano. Hakuna anayeweza kuzitambua kwa macho, maana hutofautiana hata kwa ndugu wa tumbo moja, kulingana na kiasi cha dang'a ambacho kila mmoja alinyonya.

Ndiyo maana sindano hurudiwa. Kwa parvo, distempa (ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu, utumbo na ubongo) na homa ya ini, sindano tatu si matofali yanayopangwa moja juu ya jingine. Ni majaribio matatu ya kuipata siku ambayo kingamwili za mama zimekwisha. Iliyo muhimu kuliko zote ni ya mwisho, ile ya wiki ya 16 au zaidi, nayo ndiyo inayorukwa na wafugaji wengi kwa sababu mbwa ameshakua na anaonekana mzima.

Ratiba inayofaa kwa mazingira yetu ni hii. Anza wiki ya 8 na chanjo ya distempa, homa ya ini na parvo. Kama parvo imeshawahi kuua watoto wa mbwa katika boma hilo, anza wiki ya 6. Rudia kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Wiki ya 12 ongeza kichaa cha mbwa. Leptospira, ugonjwa wa bakteria, inahitaji sindano mbili zinazopishana wiki 2 hadi 4, na hapa lazima zote mbili zikamilike, kwa kuwa chanjo hiyo imetengenezwa kwa vijidudu vilivyokufa na sindano moja peke yake haileti kinga ya kutegemewa. Rudia ile ya distempa, homa ya ini na parvo akiwa na miezi 6 au mwaka 1, kisha si lazima tena kabla ya miaka 3. Leptospira hurudiwa kila mwaka. Kichaa cha mbwa hurudiwa baada ya mwaka wa kwanza, halafu fuata muda ulioandikwa kwenye chanjo na sheria ya mahali ulipo.

Ukiona herufi kwenye chupa zisikutishe: D ni distempa, H ni homa ya ini, P ni parvo, Pi ni parainfluenza (virusi vya kikohozi), L ni leptospira. Soma herufi hizo kabla ya kulipa. Chupa isiyo na L haimkingi mbwa na leptospira, hata muuzaji akikuambia ni "chanjo kamili". Leptospira si jambo dogo kwetu. Ndiyo homa ya Mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022. Husambazwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, na mbwa anayelala ghalani penye panya anaweza kuileta hadi mlangoni kwako.

Na mfugaji mwenye fedha ya sindano moja tu ya parvo na distempa? Asubiri wiki ya 16, na hadi siku hiyo amfungie mtoto wa mbwa ndani ya ua. Sindano moja ya wiki ya 16 ina thamani kuliko moja ya wiki ya 6. Kichaa cha mbwa ni suala tofauti. Kampeni ya chanjo ikifika kijijini, peleka mbwa wote, hata wale wa chini ya miezi 3, kwani watoto wa mbwa huuma na kukwaruza watoto wetu kila siku wakicheza. Aliyechanjwa mapema hivyo arudiwe akifika wiki 12.

Chanjo inavyokufa kabla ya kufika kwenye ngozi

Chanjo hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ikiganda, hasa ile ya maji kama leptospira na kichaa cha mbwa, haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kwa hiyo usiiweke kwenye friza wala usiiegemeze kwenye barafu bila kitambaa au gazeti katikati. Rafu za mlangoni mwa friji hazifai, kila mlango ukifunguliwa joto linapanda. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa chanjo moja ya kichaa cha mbwa ilibaki na nguvu hata baada ya miezi 3 kwenye nyuzi 30. Hiyo ni habari njema kwa kampeni za vijijini, ila isikufanye uichukulie hivyo chanjo ya parvo na distempa. Hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, navyo hufa kwa joto bila kuonyesha dalili yoyote ndani ya chupa.

Unga uliokaushwa huchanganywa na kimiminika chake, si maji ya bomba wala maji ya dawa nyingine, na hutumika mara moja. Usichanganye asubuhi ukazunguka nayo hadi mchana. Kabla ya kununua kwenye duka la pembejeo, uliza friji iko wapi na umeme ulikatika lini. Muuzaji anayetoa chanjo kwenye droo, ondoka.

Kosa jingine linalorudiwa mno ni kugawa dozi. Mtu ana watoto wa mbwa sita na chupa tatu, anampa kila mmoja nusu. Chanjo haipimwi kwa kilo kama dawa ya minyoo. Kinahitajika kiasi fulani cha virusi ili mwili ushtuke na kutengeneza kinga, na kiasi hicho ni kilekile kwa mbwa wa kilo 2 na wa kilo 40, kwa kawaida ml 1. Nusu dozi haikupunguzii madhara, inakuachia mbwa asiye na kinga. Kila mbwa apate sindano mpya, ichomwe chini ya ngozi iliyovutwa juu ya bega, mahali pakavu pasipo na tope. Jipu linalotokea baadaye mara nyingi ni la sindano chafu, na chanjo haihusiki.

Siku ya kuchanja

Minyoo itolewe mapema. Anza mtoto wa mbwa akiwa na wiki 2, rudia kila wiki 2 hadi wiki ya 8, na dozi ya mwisho kabla ya chanjo itangulie siku 5 hadi 7. Hivyo akiharisha baada ya kumeza dawa hutaisingizia sindano. Pima joto kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa: nyuzi 38 hadi 39.2 ni sawa. Mwenye 39.5 au zaidi, anayetapika, anayeharisha au aliyekataa kula, asichanjwe siku hiyo. Viroboto na kupe wachache si sababu ya kuahirisha. Fizi nyeupe ni sababu, kwani mbwa huyo ameshapungukiwa damu.

Nenda asubuhi. Tatizo likitokea saa nane mchana daktari wa mifugo anapatikana, likitokea saa tano usiku utahangaika. Kaa hapo kwa dakika 30 baada ya sindano.

Madhara, kuanzia ya kawaida hadi ya hatari

Ya kawaida ni kuzubaa kidogo, kulala zaidi, homa ndogo, kula nusu ya chakula, na kulia ukimgusa begani. Huanza saa chache baada ya sindano na huisha ndani ya siku 1 au 2. Ni mwili unafanya kazi. Mpe maji, kivuli na utulivu. Usimpe panadol, diclofenac wala ibuprofen. Hizi mbili za mwisho huchubua tumbo la mbwa na kuharibu figo, na dozi ya binadamu inaweza kumuua mbwa ambaye chanjo isingemdhuru.

Uvimbe mgumu wa ukubwa wa harage mahali pa sindano hutokea zaidi kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu ina kichocheo kinachovuta seli za kinga mahali hapo. Usiukande, usiutoboe. Hunywea wenyewe kwa wiki 2 hadi 4. Ukiwa wa moto, ukitoa usaha, ukizidi kukua au ukipita mwezi, muone daktari.

Mzio ni jambo jingine. Mara nyingi chanzo chake si virusi vilivyomo bali mabaki ya protini kutoka kiwandani, kama seramu ya ng'ombe na jelatini. Kwa kuwa mwili huanza kwa kuzoea kitu kabla ya kukikataa, mzio huonekana zaidi kwenye sindano ya pili au ya tatu kuliko ya kwanza. Dalili zake ni uso kuvimba, hasa midomo na kope, vipele kama vya kuumwa na nyuki mwili mzima, na kujikuna bila kupumzika. Huja kuanzia dakika chache hadi saa kadhaa. Mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama anacheza, maana uvimbe unaweza kushuka kooni.

Ule mkali hufika haraka, kwa kawaida ndani ya saa 1: kutapika ghafla, kuharisha, fizi kupauka, miguu baridi, kuyumba, kuanguka. Kwa mbwa pigo kubwa huangukia ini na utumbo, ndiyo sababu matapishi hutangulia na watu hudhani amekula sumu. Wanamnywesha maziwa au mafuta, yanaingia kwenye mapafu. Usimnyweshe chochote. Mlaze ubavu, nyoosha shingo, toa ulimi nje, mfunike, mkimbize. Dawa ya kwanza ni adrenalini, si dawa ya mzio ya vidonge. Kiasi ni ml 0.01 kwa kila kilo, ya ile yenye mg 1 ndani ya ml 1, kwenye msuli. Mtoto wa mbwa wa kilo 5 anahitaji ml 0.05 tu, yaani kama tone moja. Kwa hiyo hii ni kazi ya daktari mwenye bomba dogo la sindano, na mchanjaji asiyebeba adrenalini hakupaswa kuanza kazi. Baada yake hufuata maji ya mshipa na uangalizi wa saa nyingi.

Hutokea mara ngapi? Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, wa mbwa zaidi ya milioni 1 waliochanjwa, ulikuta madhara ya kila aina ndani ya siku 3 kwa mbwa kama 38 katika kila 10,000, mengi yakiwa mepesi. Mbwa wadogo walikuwa hatarini zaidi. Kwa wasiozidi kilo 10, kila chanjo iliyoongezwa siku hiyo ilipandisha uwezekano kwa asilimia 27, wakati kwa wakubwa ni asilimia 12. Mbwa mdogo wa nyumbani anaweza kuchomwa leptospira siku tofauti na kichaa cha mbwa, zikipishana wiki 2. Kwa mbwa wa boma anayefika kwa daktari mara moja kwa msimu, mchome zote siku hiyo, kila moja kwa sindano yake. Kumkosa kabisa ni hatari kubwa zaidi.

Chanjo ya kikohozi inayodondoshwa puani huleta chafya na kikohozi chepesi kwa siku chache. Ile isichomwe chini ya ngozi kamwe, huleta jipu na inaweza kuharibu ini.

Parvo yenyewe huja na kutapika, kuhara damu yenye harufu nzito na kukataa chakula, siku kadhaa baada ya sindano na si dakika. Ukiiona, tenga mbwa, na usilete mtoto mwingine kwenye banda hilo. Virusi hukaa kwenye udongo miezi mingi. Sakafu ioshwe kwa sabuni kwanza, kisha sehemu 1 ya Jik kwa sehemu 20 za maji, ikae dakika 10. Juu ya kinyesi Jik haifanyi kazi.

Kadi ya chanjo ibandikwe karatasi ya chupa yenye namba ya toleo. Mbwa akipata mzio, andika hapohapo chanjo ipi, saa ngapi, dalili gani, na daktari apeleke taarifa kwa mamlaka na mtengenezaji. Aliyevimba uso anaweza kuendelea na ratiba kwa chanjo ya kampuni nyingine, chini ya uangalizi, pengine akipewa dawa ya mzio kwanza. Aliyeanguka asirudishiwe bidhaa ileile. Daktari ataamua kama sindano zilizobaki zina faida kuliko hatari, na katika hesabu hiyo kichaa cha mbwa hupimwa peke yake, kwa kuwa hakina tiba dalili zikishaanza, kwa mbwa wala kwa binadamu. Mbwa aliyechanjwa akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na mtu aende hospitali akiwa na kadi hiyo mkononi.