Gari la Binamu Si la Bure: Ukija Likizo Kuzunguka Nyanda za Juu Kusini

Kabla sijasema neno lolote kuhusu maua ya Kitulo au mchanga wa Matema, sikilizeni. Kama gari utakaloendesha ni la ndugu, omba namba yake ya usajili, uitazame kwenye mfumo wa polisi wa Tanzania wa faini za barabarani (TMS) ukiwa bado huko ughaibuni. Ni dakika mbili tu.

Mimi sikutazama. Binamu yangu wa Iringa alinipa Prado kwa moyo mweupe: "Kaka, gari lako hili, zunguka upendavyo." Nikashika njia ya Mafinga hadi Makambako, kila kibao cha 50 nakiheshimu. Mbele kidogo nikasimamishwa. Trafiki hakuwa na neno na mwendo wangu. Aliingiza namba ya gari kwenye mashine yake, akanigeuzia kioo: faini saba hazijalipwa, nyingine za mwaka juzi. Shilingi 30,000 kila kosa, na hapo sijahesabu nyongeza za kuchelewa.

"Afande, mimi nilikuwa Uingereza."

"Gari halikuwa Uingereza."

Nikampigia binamu. "Aa, hizo! Hizo huwa tunaongea nao." Ndugu zetu tunawapenda, ila jamani, msituachie madeni kwenye kiti cha dereva mkidhani paundi zinachumwa mtini. Kadi yangu ya benki ya Leeds ikagoma. Laini yangu ya zamani ilishafungwa kwa kutotumika, kwa hiyo hata pesa za simu sikuwa nazo. Shemeji akalipa kutoka Mbeya kwa ile namba ya malipo, sisi tukiwa kando ya barabara kwa muda wa saa mbili na nusu, watoto wakitafuna mahindi ya kuchoma.

Uingereza kamera ikikunasa, barua humfuata mwenye gari naye hulazimika kumtaja aliyekuwa anaendesha. Wale watu hawajui undugu mbele ya karatasi, na miaka yote niliwaona wana roho ngumu. Siku ile nilitamani binamu angekuwa Mwingereza kwa robo saa tu. Kwetu deni linaganda kwenye namba ya gari, na anayekutwa ameshika usukani ndiye anayebanwa. Kwa hiyo narudia: tazama namba. Tazama na bima, maana nayo siku hizi inasomwa kwenye mfumo. Ukiambiwa "gari halina shida", tazama tena.

Njia yenyewe haina mambo mengi. Ukitokea Makambako, Chimala unakata kushoto, unapanda zile kona 57 hadi Matamba, kisha Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005. Maua yanachanua masika, na masika hayo hayo ndiyo yenye utelezi, kwa hiyo gari dogo liache mjini. Getini hawapokei taslimu. Na kama umeshachukua uraia wa huko, utalipa kama mgeni hata ukisalimia Kinyakyusa cha bibi. Teremkia Isyonje, utatokea kwenye lami ya Tukuyu. Ziwa Ngosi ni matembezi ya nusu siku, chukua kijana wa pale akuongoze. Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000, anza alfajiri. Matema, milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja kwenye Ziwa Nyasa. Jumamosi nenda soko la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo, ila ubebe nguo za kufungia, kwani vyangu viwili vilivunjika kabla ya Kyela.

Kupanda milima kwa kupenda tu nimejifunza kwa Waingereza. Jumamosi wanavaa mabuti, wanakwea kilima chenye mvua, hawaleti hata kuni. Nilikuwa nawacheka. Tuliposhuka Ngosi tumejaa tope, bibi mmoja akatuuliza kama tumepotelewa na ng'ombe. Mke wangu akamjibu kuwa tulikwenda kuliona ziwa. Bibi akatutazama kwa huruma, akatupa ndizi.

Nilimrudishia binamu gari likiwa na tanki limejaa na risiti zote saba. Jana usiku, nikiwa hapa Leeds, nimeitazama tena ile namba. Kuna faini mpya ya Jumanne, mwendo kasi, Ilula. Jumanne mimi nilikuwa kwenye ndege.