Ukipigwa au kunyanyaswa nyumbani: jinsi ya kuomba msaada wa kisheria bure ukiwa Moshi

Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka 2017, iliwekwa Tanzania Bara ili asiye na uwezo wa kumlipa wakili asaidiwe bila kutoa hata shilingi. Naandika kwa mfuatano kwa sababu wengi huanzia mwisho: wanatafuta wa kuwaandikia talaka na hawana hata PF3 (fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumia hospitali), au wanasubiri kikao cha ukoo mpaka majeraha yamepona na ushahidi umepotea.

Anza na usalama wako. Ukiwa umeumia vibaya, nenda moja kwa moja hospitali, Mawenzi au kituo cha afya kilicho karibu; PF3 itafuata. Ukiwa unajiweza, pitia kwanza polisi na uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Utaandikisha maelezo, utapewa namba ya RB (kumbukumbu ya taarifa yako polisi) na fomu ya PF3, ambayo hailipiwi. Daktari ataandika alichokiona mwilini mwako, kisha fomu inarudi polisi. Kabla hujairudisha, ipige picha kurasa zote, umtumie mtu unayemwamini, maana simu yako inaweza kunyang'anywa usiku uleule. Kwa dharura piga 112. Kwa mtoto anayeteswa, 116.

Utaambiwa hayo ni mambo ya ndani. Siyo. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 241, inaweka hadi miaka 5 jela kwa shambulio la kudhuru mwili. Nchi yetu haina sheria moja ya ukatili wa majumbani, kwa hiyo haki yako imetawanyika kwenye vitabu kadhaa. Ndiyo maana unahitaji mtu anayejua kuviunganisha.

Mtu huyo utampata wapi? Hapa Moshi, KWIECO, shirika la wanawake la Kilimanjaro, imekuwa ikisaidia wanawake kwa miaka mingi. Aliye Arusha anaweza kwenda ofisi za TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, au za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Ukiwa Kibosho, Marangu au Old Moshi, muulize Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata akuelekeze kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa. Msaidizi huyo hasimami mahakamani kama wakili, ila anakushauri, anakusaidia kuandaa nyaraka na kukuunganisha na wakili inapobidi. Usione aibu kuomba kuona kitambulisho chake. Akikudai "hela ya fomu" au "ya soda", usitoe. Mripoti kwa Msajili Msaidizi wa watoa huduma za msaada wa kisheria wa wilaya au mkoa.

Unapokwenda kwa msaidizi wa kisheria, beba ulicho nacho: namba ya RB, nakala ya PF3, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, meseji za vitisho. Mweleze wazi kipato chako. Kama una duka lakini fedha zote anashika mwenzako, sema hivyo hivyo, kwa sababu kinachoangaliwa ni uwezo wako wa kumlipa wakili. Huna cheti cha ndoa? Nenda tu. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinatambua dhana ya ndoa kwa waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na majirani wakawajua kama mke na mume.

Maelezo yako ndiyo roho ya ombi. "Ananipiga sana" haimsaidii hakimu. Andika: Jumamosi usiku, tarehe fulani, alinipiga mgongoni kwa mkanda, mtoto akiwa amesimama mlangoni, mama wa chumba cha pili akaja kugonga. Tukio moja lililoelezwa hivi lina uzito kuliko malalamiko ya miaka kumi. Kama kuandika ni shida, simulia, aandike msaidizi wako, kisha akusomee kabla hujaweka dole gumba.

Sasa pale mashauri mengi yanapokwama. Kabla ya kudai talaka mahakamani, kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka mgogoro upite kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa: la kata, au la kanisa lako au BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu). Likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati, nayo inaambatanishwa na ombi lako. Kikao cha ukoo, hata wakae wazee wote na mbege imwagwe, hakitoi hati hiyo. Na kama kukaa naye meza moja ni hatari kwa uhai wako, mwambie msaidizi wako mapema: sheria inaruhusu kulikwepa baraza pale mahakama itakaporidhika kuwa kuna mazingira yasiyo ya kawaida. Kesi ya kupigwa haisubiri baraza hata kidogo. Hiyo ni jinai, inaendelea polisi.

Wanawake wengi wa Kilimanjaro huondoka mikono mitupu wakiamini kihamba (shamba la urithi la familia) ni cha ukoo, kwa hiyo hawana chao. Inaniuma kila nikisikia hivyo. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaihesabu hata mali aliyokuwa nayo mwenzako kabla ya ndoa, ikiwa mmeiendeleza kwa kiasi kikubwa. Na tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Orodhesha basi nyumba mliyojenga, ng'ombe, migomba na kahawa uliyopanda.

Siku ombi linaandikwa, hakikisha lina matunzo ya watoto, mgawanyo wa mali, na amri ya kifungu cha 139 cha Sheria ya Ndoa ya kumzuia mwenzako asikufuate wala kukusumbua shauri likiendelea. Omba pia kusamehewa ada ya mahakama. Hiyo amri ya zuio iulizie siku ya kwanza kabisa, kwa sababu ndiyo unayoihitaji haraka kuliko hati ya talaka.